Waya Nne za Mota ya Tatu

Mtaani walimwita Mama Koili, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Pampu ya maji ikiungua, mashine ya kusaga ikianza kunuka moshi, vitu hivyo viliishia kwake. Alizing'oa waya za zamani na kusuka mpya huku akibishana na redio kana kwamba inamsikia. Mumewe, seremala, alikuwa na karakana yake upande wa pili wa ukuta huohuo. Waliitana kwa kugonga: mara moja, chai iko tayari, mara mbili, njoo, nimekwama.

Basi seremala akaingiwa na wazimu wa mashine. Wanaume wenzake hutamani magari. Yeye alitaka kujiundia mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Unachora ua kwenye skrini, na kisu kinakwenda chenyewe kulitoa kwenye mlango. Fremu angeiunda mwenyewe, lakini mambo ya umeme hayakuwa fani yake. Mama Koili akasubiri kuombwa. Alishajipanga hata namna ya kujifanya hana nafasi, abembelezwe kidogo kabla ya kukubali.

Hakuombwa. Jioni moja alivuka kupeleka chai, akamkuta mdogo wake, fundi simu, amekalia kigoda ambacho siku zote alikikalia Mama Koili. Vichwa viwili vilikuwa vimeinamia mchoro mmoja. Walikuwa wakijadili bodi ipi ya umeme iendeshe mota, umeme wa volti ngapi utafaa, na swichi za kuisimamisha mashine ikifika ukingoni zikae wapi. Shemeji hivi, shemeji vile. Seremala alikuwa akicheka kicheko ambacho mkewe alidhani kilikwisha zamani, wakati wa uchumba.

Tuelewane hapa. Wivu wenyewe haukuwa wa kitandani. Huo angejua pa kuupeleka: angepiga kelele, majirani wangejaa mlangoni, yangekwisha. Huu ulikuwa wivu wa meza ya kazi, na mtu haendi kwa majirani kulalamika kwamba mumewe amejadili volti na mtu mwingine. Aliumeza.

Hata hivyo walimpa kazi. Kulikuwa na mota nne zilizotolewa kwenye mashine mbovu za fotokopi, kila moja na waya zake nne zilizofifia rangi. Azitenganishe jozi jozi, kila jozi aifunge utepe wa rangi yake. Kwa maoni yake ilikuwa kazi ya mwanagenzi. Mumewe alimkabidhi bila hata kuinua macho kwenye mchoro.

Kazi hiyo inafanywa na vidole. Unagusanisha ncha mbili za waya, kisha unazungusha shafti ya mota, ule mhimili wake wa katikati. Ikiteleza kama kawaida, waya hizo hazijuani. Ikikaza, ujue ni za koili moja, ncha mbili za waya mmoja uliosukwa. Mota mbili za mwanzo alizifunga vizuri. Alipoishika ya tatu, kicheko kikapenya ukutani tena, cha wote wawili. Shafti ilikaza mkononi mwake, jozi akazijua barabara, na akiwa anazijua hivyo, akazifunga kinyume, waya wa jozi hii na wa jozi ile. Ya nne akaifunga sawasawa, kama mtu asiye na neno na mtu.

Siku ya majaribio, mota ya kwanza, ya pili na ya nne zilizunguka vizuri. Ya tatu ikatetemeka na kunguruma palepale, haiendi mbele wala nyuma. Fundi simu akabadilisha bodi. Akaazima nyingine. Akafumua nyaya zake zote, akachora upya, uso ukazidi kumshuka. Mama Koili upande wake wa ukuta alifurahi, tusimpake mafuta. Siku hiyo hata redio hakubishana nayo.

Kisha akamsikia mdogo wake akisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, labda tupime zile jozi."

"Zipi?"

"Za dada."

Seremala akajibu taratibu, kama anayemweleza mgeni mila za nyumba.

"Hizo ziache. Akishafunga yeye, hakuna cha kupima. Unadhani kwa nini nilikukataza kuzigusa? Mengine yote tunabahatisha, wewe na mimi. Zile ndizo kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho. Tafuta kosa lako."

"Sawa," fundi simu akasema, na sauti ilikuwa ya kulia. "Basi ni langu. Mimi nimeshindwa, shemeji. Mwite dada."

Ukuta ukagongwa mara mbili.

Ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Alivuka. Kigoda kilikuwa kitupu, na mdogo wake amesimama pembeni akikusanya bisibisi zake. Seremala akakisogeza kigoda kwa mguu, akamwambia mkewe akae.

Mama Koili hakukaa. Aliichomoa mota ya tatu, akabandua tepe, akagusanisha waya alizokuwa amezifunga pamoja, na kumsogezea mdogo wake shafti.

"Zungusha."

Ikateleza. Akagusanisha zile zilizostahili kuwa pamoja. Ikakaza. Fundi simu akainua macho taratibu, akamtazama dada yake.

"Nilijua tangu nilipokuwa nafunga," Mama Koili akamwambia mumewe. "Sikukosea. Nilikuwa nakuonea wivu. Nisamehe. Nawe, mdogo wangu, nisamehe."

Seremala alizitazama zile tepe mezani. Akauliza, "Na hizi nyingine?"

"Hizo ziko sawa."

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akaichukua mota ya kwanza, akagusanisha ncha za jozi yake, akaanza kuzungusha shafti kwa vidole vyake mwenyewe, akisikiliza.