Herufi Tatu Juu ya Shaba

Papa alikuwa akinusa shaba kama watu wengine wanavyonusa mkate. Ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuru la kuyeyushia shaba Lubumbashi, na alipokuja kukaa nami Laeken, baada ya mama kufariki, hakuona la maana katika Brussels nzima isipokuwa soko la vitu vikuukuu la Marolles. Jumapili baada ya misa alishuka huko, akarudi na bawaba, vijiko, kengele isiyo na ulimi. Alivikwaruza kwa ukucha, akanusa, akatoa hukumu: hii ni shaba, hii ni uongo. Mimi nilinung'unika kila nilipofuta vumbi, kwa maana nyumba ilikuwa imegeuka jalala.

Siku moja alirudi na kiduara chembamba, upana wa kifungo cha koti. Nikamtania kwamba amenunua jeton ya kitoroli cha dukani, zile tunazochomeka ili kitoroli kifunguke. Hakucheka. Upande mmoja palikuwa na herufi tatu, moja juu na mbili chini yake. Ya chini kushoto ilikuwa herufi ya kwanza ya jina lake la ubatizo. Ya chini kulia ilikuwa ya mama. Ile ya juu hatukuijua, na maandishi ya Kiingereza yaliyozizunguka zote yalikuwa yamelika. Tangu siku hiyo kile kishaba kilikaa katika mfuko wa shati lake, pamoja na rozari.

Kisha akaugua. Alipolazwa hospitalini Jette, daktari alinisemesha kwenye korido kwa sauti ya chini, na mimi ninayetunza wazee kwa kazi naijua sauti hiyo. Papa naye aliijua. Kufa hakukumtisha. Kilichomuuma ni kwamba mama amelala Lubumbashi, na sisi hatukuwa na uwezo wa kumrudisha yeye huko. Angezikwa huku peke yake. Hakuna aliyemwambia, na hakuuliza. Alikitoa kile kishaba akaniwekea kiganjani.

“Tafuta kitabu ya hii shaba,” alisema. “Minataka kujua hizi mbili za chini ni bantu gani. Kama ni bwana na bibi yake, minataka kujua mbele ya kwenda.”

Nilitaka kumwambia hao ni Waingereza tu, wamekufa zamani, wanatuhusu nini. Nikamtazama, nikakitia kishaba mfukoni.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini ni lazima ujue unauliza nini. Kwetu Wakongo, kila kiduara kisicho pesa halisi ni jeton. Basi niliingia duka la vitabu vya zamani katikati ya mji nikaomba kitabu cha jeton. Muuzaji alifurahi mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli, akanitolea kwenye rafu ya chini bonge la kitabu. Nikakaa nalo kando ya kitanda, nikageuza kurasa, papa akilinganisha na kishaba chake. Ngao, simba, wafalme, ngao tena. Herufi zetu tatu hazikuwemo. Papa alichoka kabla ya kitabu kwisha, na kila siku alichoka mapema kuliko jana. Nilikichukia kile kitabu kama adui.

Aliyenifungua macho ni maman mmoja wa Kibelgiji, mzee, mwenye kiduka cha sarafu Ixelles, jirani na mkahawa wa Kikongo ninaponunua pondu, kisamvu chetu. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, akacheka kwa adabu. Kitabu changu, alisema, kilihusu vihesabio, vile watu wa nchi hizi walivyokuwa wakivipanga juu ya ubao ili kufanya hesabu. Hiki cha papa ni kitu kingine. Zamani chenji ilipoadimika Uingereza, wenye maduka walijitengenezea vishaba vyao, wakakupa badala ya chenji, nawe ukavirudisha dukani kwao kununua. Wenyewe wanaviita tokeni. Nikiendelea kuomba jeton katika Brussels, alisema, nitaletewa vihesabio hadi kiama. Tena tokeni zina vitabu mbalimbali kulingana na enzi, na hiki chembamba ni cha enzi ya mwanzo kabisa. Kitabu chake kimepangwa kwa majimbo, kisha miji. Yeye hakuwa nacho. Maktaba kubwa ilikuwa nacho, ila hawaazimishi.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda. Jina la mji kwenye kishaba lilibaki na herufi za mwisho tu, na kumbe nusu ya miji ya Uingereza inaishia hivyo hivyo. Niligeuza jimbo baada ya jimbo, katikati ya watu watulivu, nikitamani kupiga kelele. Mwishowe nilirudi kwenye utangulizi niliouruka kwa haraka zangu. Hapo palielezwa waziwazi: herufi ya juu ni ya jina la ukoo, zile mbili za chini ni za mume na mke wenye duka. Maktaba ilikuwa inatangaza kufunga. Sikungoja zaidi, nikakimbilia Jette.

Papa alinisikiliza akiwa amefumba macho.

“Bwana na bibi,” alisema.

“Njo vile, papa. Na duka yabo.”

Alifumbua macho. Kisha akauliza, “Bwana njo wa kushoto?”

Sikujua. Sikuwa nimesoma hadi hapo.

“Mimi nilikuwa nalala kushoto, kwa mulango,” alisema, “juu ya kazi ya usiku, nikitoka nisimuamushe. Mama yako kwa ukuta.”

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mtu huyu alijua kunusa kitu cha uongo, nami sikuthubutu kumpa. Nikamwahidi kwamba kesho nitaangalia.

Kesho yake nilikuwa maktaba walipofungua mlango. Mume kushoto, mke kulia. Ilikuwa sentensi fupi tu, chini ya ile niliyoishia jana. Nilikuwa ndani ya basi kuelekea Jette simu ilipolia, na kabla sijaipokea nilijua. Nililia pale pale, mbele ya wanafunzi wenye mabegi yao, bila aibu.

Kishaba nilimrudishia katika mfuko wa shati. Ndugu zangu wa Lubumbashi walitazama mazishi kwenye simu, picha ikikatikakatika. Na fundi wa mawe ya makaburi nilimwomba herufi tatu tu: ya ukoo wetu juu, ya papa chini kushoto, ya mama chini kulia. Aliuliza kwa heshima kama madame naye atalazwa hapo. Nikamjibu hapana, yuko Lubumbashi. Basi herufi yake ya nini, akauliza, wakati upande ule hauna mtu.

Nikamwambia ni upande wa ukutani. Ndipo anapolala.