Mtama wa Susu na Ndege Kumi na Tisa

Jumamosi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, nilihesabu ndege kumi na tisa juu ya mtama wa Susu. Niliandika namba hiyo kwa daftari na kuipigia mstari mara mbili, kwa sababu sikuwa nimewahi kupita kumi na mbili. Sitadanganya: kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tenki la maji, ndala zimelowa umande, nikiwaza tu kwamba wamekuja wengi, na kwamba wamekuja kwangu. Labda dakika mbili nzima zilipita kabla sijaona walichokuwa wakifanya. Walikuwa wanakula.

Mama ndiye alinizindua. Alitoka mlango wa jikoni na beseni la maji ya vyombo, akaangalia mtama, halafu akaniangalia mimi na kalamu yangu.

"Wewe! Mtama unaisha na umesimama hapo unaandika? Kwani unawaandikia risiti?"

Akamwaga maji, akalipiga beseni kwa kiganja, na ndege wote wakainuka mara moja kama shuka inayokung'utwa. Wakavuka ukuta hadi kwenye mgunga wa jirani. Mimi nikabaki na daftari langu.

Susu ni mama ya baba yangu. Kwa Kikamba, susu ni nyanya. Nimepewa jina lake, kwa hivyo yeye haniiti kwa jina, ananiita Wajina. Alikuja kwetu Kitengela mwezi wa kwanza kutoka Makueni, goti limevimba, ili awe karibu na daktari. Tunalala chumba kimoja. Kabla hajaja chumba kilikuwa changu peke yangu, na nilinuna wiki nzima. Halafu nikazoea. Kila siku kabla ya kulala anaomba kwa sauti ya chini, anataja kila mtu wa ukoo mmoja mmoja, anataja na mbuzi, na mimi nalala kabla afike kwa mbuzi. Siku hizi sitaki hata kufikiria hicho chumba bila yeye.

Lakini yeye Kitengela hakuipenda. "Watu wa huku wanaishi ndani ya mawe," alisema, kwa sababu ya kuta. Kila ploti iko na ukuta wake na geti lake, na salamu ni honi. Mtu wa pekee aliyemsalimia vizuri ni yule mama Mmaasai anayetuletea maziwa. Alisema "Sopa!" kwa nguvu pale getini, hadi Susu akajifunza kujibu "Ipa!" kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa dakika yake nzuri ya siku.

Mvua ilipoanza alitoa kwenye mfuko wake kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na mbegu za mtama kutoka nyumbani. Akanituma nilime kile kipande kati ya nyumba na ukuta, udongo mweusi unaoshika jembe na kukataa kuliachilia, naye akapanda mistari sita akiwa ameketi juu ya ndoo, akijisogeza na ndoo yake. Alipomaliza alimwambia Mama, mimi nikiwa hapo:

"Nikivuna huu, nitajua naweza kuishi hapa. Mtama ukikataa, mnirudishe kwangu, na asinibembeleze mtu."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Susu akisema kitu, amesema.

Sasa kosa langu lilianzia hapa. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Si maringo. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali mara nyingi jibu ninalijua, lakini likifika kooni linaketi. Darasani wananiita Sailensa. Likizo ya Aprili niliazima kitabu cha ndege kutoka maktaba ya shule, nikisema kweli ni kwa sababu kilikuwa karibu na mlango na sikutaka kuzungukazunguka nikiangaliwa. Nikagundua kuna kazi moja duniani ambayo mtu wa kunyamaza ndiye anafaa.

Nilichukua kifuniko cha sufuria kubwa ambacho kilipoteza sufuria yake, nikakigeuza juu ya mawe matatu nyuma ya tenki, nikatia maji na jiwe bapa katikati ili wadogo wasizame. Siku nne hakuja mtu. Siku ya tano alikuja shomoro mmoja, akanywa, akainua kichwa kama anayemeza dawa chungu, akaruka. Baadaye wakaja wale wa bluu wanaong'aa, wenye tumbo la rangi ya chungwa, ambao wanatembea uani kama wenye ploti. Nikapanda mshubiri kwenye debe, na ulipotoa maua akaja chozi, kale kadogo ka kijani kenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Kila mmoja nilimchora na kuandika saa yake.

Halafu nikawa na tamaa. Nilitaka na wale wanaokula mbegu, wale wa manjano wenye uso mweusi ambao wanafuma viota kwenye mgunga wa jirani. Kitabu kilisema wanapenda mtama. Na mtama ulikuwepo, chini ya kitanda cha Susu, ndani ya kile kitambaa, mbegu zilizobaki. Nilichukua kiganja kimoja. Baada ya wiki, kingine. Miezi mitatu niliwafundisha ndege ladha ya mtama, hatua kumi kutoka kwa mtama wa Susu unaokua, na haikunijia hata siku moja kwamba ndege ana macho.

Basi, Jumamosi hiyo Susu alitoka na fimbo yake. Alipita mstari kwa mstari, akishika kila suke kwa vidole viwili. Masuke ya mistari miwili ya upande wa tenki yalikuwa yamebaki kama mifagio. Alirudi ndani, na nilipomfuata nilimkuta amevuta mfuko wake wa nailoni kutoka chini ya kitanda na anakunja leso.

"Mwambie mama yako Jumatatu anitafutie gari la kwenda nyumbani."

"Susu, bado kuna mistari minne."

"Leo ni minne. Jumamosi ijayo itakuwa mingapi?" Alilaza leso ndani ya mfuko na kuipapasa. "Nilisema kwa mdomo wangu. Nilidhani huku hakuna nyunyi, hakuna ndege, kuna mawe tu. Kumbe wamenifuata. Hapa pananikataa, Wajina, na mimi sitangoja nifukuzwe."

Nilirudi nyuma ya tenki nikakaa chini. Chakula cha mchana sikula. Nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua, na pia nilijua kwamba nikinyamaza hakuna mtu angewahi kulijua. Lakini angeondoka Jumatatu akiamini kwamba udongo na ndege na kila kitu cha hapa vimemkataa, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Saa tisa niliingia chumbani. Nilikuwa nimeandika yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nikamnyooshea.

"Nini hii?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Sina miwani," alisema. "Sema."

Nilisimama hapo. Jibu likafika kooni, likaketi, nikalisukuma.

"Ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Ndege. Ni mimi niliwaleta."

"Uliwaleta na nini, bodaboda?"

"Na maji. Na mtama."

"Mtama wa nani?"

Niliangalia miguu yangu. "Wako. Ule wa kitambaa."

Susu aliinama polepole, akavuta kile kitambaa, akakipima mkononi kama mtu wa sokoni.

"Na mimi nimekuwa nikimlaumu panya," alisema. "Nimemwekea mtego mara tatu. Usiku nalala nikijiuliza, huyu ni panya wa aina gani, anafungua fundo, anakula, halafu anafunga tena vizuri?"

Sikujua kama nicheke. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Kwa hivyo si hapa pananikataa."

"La, Susu."

"Ni mjukuu wangu."

"Ndiyo, Susu."

Hapo ndipo alicheka, akacheka hadi akashika goti, na Mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini. "Nimeshika panya wangu," Susu akamwambia. "Ako na yunifomu." Mama hakuelewa, na alipoelezwa alinikaripia vizuri sana, na nilistahili. Lakini mfuko ulibaki pale miguuni mwa kitanda, nusu umejaa. Susu hakuugusa, wala kuurudisha.

Saa kumi na moja aliniambia nimwonyeshe hao wageni wangu. Nilimwekea ndoo yake nyuma ya tenki, nikakaa chini kando yake. Nilitaka kumwambia tunyamaze, lakini alikuwa amenyamaza kuliko mimi. Ndege wakaja. Susu hakuinua hata kichwa. Alisikiliza tu, na kila sauti aliitaja jina lake kwa Kikamba, moja baada ya nyingine, kama anavyotaja ukoo wakati wa kuomba.

"Umewajulia wapi wote?" nilinong'ona.

"Kwa vita," alisema. Wakati wa mavuno, akiwa mdogo kuliko mimi, alikuwa anapandishwa kwenye ulingo, kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, alfajiri hadi jua lizame, na kombeo na rundo la udongo uliofinyangwa. Shule ilingoja. Kazi yake ilikuwa kuwapigia ndege kelele, na usiposikia mwizi anakuja, jioni unaulizwa. "Huyo ni mwizi. Huyo mwizi. Huyo mwizi na mtoto wa mwizi. Yule wa bluu mwache, anakula viwavi. Kale ka maua hakana shida na mtu."

Nilichora mstari katikati ya ukurasa nikaanza kuwapanga, wezi huku, wengine huku. Alichungulia michoro yangu, na hapo macho yake yalifanya kazi bila miwani yoyote.

"Huyu umemnyima shingo. Ni dume, shingo yake ni nyeusi mpaka hapa. Akijiona hivi atakushtaki."

Nikamrekebisha. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimeketi na mtu muda mrefu hivyo bila kutafuta la kusema.

Jua lilipofika kwenye ukuta alisema, "Mistari minne inataka wiki tatu. Mchana nitakaa na kopo na mawe, nitalitikisa. Lakini wanakula sana asubuhi na jioni, na hiyo saa goti langu halinyooki. Mama yako ako kazini. Kwa hivyo sauti ni yako."

"Nitawanyima mtama. Nitaweka maji peke yake."

"Hiyo ni nusu. Wameshaonja. Inataka sauti."

"Susu, mimi siwezi kupiga kelele."

"Jaribu nisikie."

Niliangalia ukuta wa jirani. Nikasema, "Hoi."

"Hata nzi hajaondoka."

"Hoi!"

"Sasa nzi amegeuka akakuangalia. Wajina, huko kwetu ungeachia ndege shamba lote na jembe." Akajishika kwa fimbo akainuka. "Na wasiogope kuja kunywa. Ndege si mjinga. Atajua upande wa kelele ni upi na upande wa maji ni upi. Wewe mfundishe, si umeonyesha unaweza kufundisha?"

Aliingia ndani. Wakati wa kulala aliomba kama kawaida. Niliusikia mfuko ukikwaruza miguuni mwa kitanda alipoupita, na siku hiyo nilisikiliza hadi kwa mbuzi na mbuzi wakaisha.

Jumapili niliamka saa kumi na mbili kamili. Nilibadilisha maji ya kifuniko, nikatoka nyuma ya tenki, nikasimama juu ya ndoo ya Susu kando ya mtama, mahali ambapo majirani wa pande tatu wangeniona kama wangefungua mapazia. Kulikuwa na baridi. Kwa mbali kanisa moja lilikuwa linajaribu vipaza sauti. Wale wa manjano, sita kwa mara moja, walivuka ukuta, wakashika masuke, masuke yakainama.

Mara ya kwanza kilitoka kikohozi. Mara ya pili sauti yangu ilipasuka katikati, na mbwa wa jirani akabweka, na nikaona haya hadi masikioni. Ndege mmoja akaendelea kula akiniangalia. Nafikiri ni huyo ndiye aliniudhi. Nilifungua mdomo na kitu kikatoka tumboni ambacho sikukijua: "Hoooi! Hooooi! Toka! Toka hapo!" Wakaruka wote sita. Wakazunguka nyumba, na watatu kati yao wakashuka kwenye kifuniko upande wa tenki, wakanywa maji kana kwamba hakuna aliyewatusi.

Dirisha la chumba chetu likafunguka. Mkono wa Susu ukatokea, umeshika leso ile ya jana, ile ya kwanza kukunjwa.

"Sauti wameisikia. Wape na kitu cha kuona. Ifunge kwenye mti, ipepee."

Niliipokea. Ilikuwa bado na mikunjo. "Na safari ya kesho?"

"Nitasafiri bila leso, kama nani?" alisema, na kupitisha nyingine dirishani, halafu nyingine.

Nilitafuta miti mitatu mikavu, nikaichomeka kwenye udongo mweusi kati ya mistari, nikafunga leso moja kwa kila mti, mafundo mawili mawili. Halafu nikapanda tena juu ya ndoo na kupiga kelele mara moja zaidi, ingawa mtama haukuwa na ndege hata mmoja.