Nyumba Isiyopanda na Maneno

Wakati vita ilipoturudia mara ya pili, dada yangu mkubwa alikuwa Ubelgiji na sisi tulikuwa Bukavu, simu ya nyumbani imekufa, barua za posta hazifiki. Mimi nilikuwa nikichapa kwenye kompyuta za ofisi ya parokia, zilizopata intaneti kwa setilaiti, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutengeneza kurasa za intaneti, nilijiona fundi. Nikaamua familia nzima imwandikie dada barua moja, kila mtu aya yake, kwenye ukurasa ambao angeufungua hukohuko aliko. Nyuma ya maneno ningeweka picha ya nyumba yetu.

Picha ilipigwa Jumapili ya Matawi. Mama alikuwa amefunga matawi ya mitende yaliyobarikiwa kwenye nguzo mbili za lango, makubwa, ili Mungu awaone askari kabla hawajaingia. Filamu ilichukua wiki nyingi kuisha na kusafishwa, maana nyumbani kwetu hakuna aliyepiga picha ovyo.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Nilimwita Mama aje atazame. Nikashusha ukurasa, nyumba ikapanda pamoja na maneno, ikapotea juu ya kioo, na chini yake ikatokea nyumba ya pili, kisha ya tatu.

"Eh! Tuko na nyumba ngapi?" Mama akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hapana, mutoto wangu. Akisoma mpaka chini, nyumba ibakie pale pale. Kukimbia, tulishakimbia sana."

Nilihangaika siku mbili. Dawa yake ilikuwa maneno mawili tu kwenye mstari wa amri za picha: moja la kuikataza isijirudie, jingine la kuiamuru ikae. Nikashusha ukurasa. Maneno yakapanda, nyumba ikatulia na lango lake na matawi yake. Nilifurahi hadi nikapiga meza kofi.

Aya ya Papa, baba yetu, tu ndiyo haikuwepo. Papa alifundisha jiografia maisha yake yote, na sentensi haitoki mkononi mwake bila kusahihishwa mara tano.

"Niko nasahihisha," aliniambia. "Barua iko na faute, hata kosa moja, mimi situmi."

Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi uvumilivu sikujaliwa. Nikauweka ukurasa kwenye intaneti bila aya yake, nikamtumia dada anwani.

Jibu la dada lilikuja baada ya siku tatu. "Muko munanificha kitu. Pasaka ilipita zamani na matawi ingali ku lango. Nashuka, matawi iko. Nashuka tena, iko. Kila mutu ameandika, Papa peke haiko. Muniambie: Papa alikufa lini?"

Kwetu, lango lenye matawi ya mitende, ikiwa si siku za Pasaka, ni lango la matanga. Mpita njia haulizi, anavua kofia. Majirani walijua Mama aliyaacha kwa ajili ya askari; dada hakujua. Picha ingepanda na kupotea, labda dada asingeyatazama sana. Mimi na ufundi wangu ndio tulioyapigilia misumari mbele ya macho yake. Nikamjibu palepale kwamba Papa ni mzima wa afya. Hakuamini. Aliye mbali hufichwa msiba ili asilie peke yake, na yeye alilijua hilo. "Hata mimi ningekuandikia vile," alisema. Nililia pale ofisini, kwa huruma na kwa hasira juu yangu mwenyewe.

Nilimwogopa Papa, lakini nilimwambia yote.

"Mimi nikufe na barua haijaisha?" akasema, akainuka kutafuta koti lake la kufundishia.

Mama alifungua matawi langoni, akayaingiza ndani, nyuma ya msalaba, maana kilichobarikiwa hakitupwi. Papa akasimama langoni, karatasi zake mkononi, nami nikampiga picha. Filamu niliipeleka isafishwe kabla haijaisha, na kesho yake niliiweka picha mahali pa ile ya zamani, nikaiamuru ikae. Maneno niliyasogeza kulia, Papa akabaki kushoto. Barua yake niliiandika yote: mvua, ziwa, milima, jirani na kuku wake, na kila mkato mahali alipoutaka.

Dada alijibu siku ileile. "Nimesoma yote. Nimeshuka mpaka chini, nimepanda, nimeshuka tena. Papa iko tu pale."

Nililichapa jibu kwenye karatasi, nikampelekea. Papa alilisoma polepole, kalamu nyekundu mkononi, na hakusahihisha kitu.