Vere Mbili za Mlango wa Nyuma

Mlango wa nyuma wa gari letu ulimwangukia mke wangu kwenye mkono wa kulia, saa nne asubuhi, mbele ya wateja wake wawili. Haukuvunja mfupa. Lakini mke wangu ni mshonaji, na kwa mshonaji vidole vya mkono wa kulia ndivyo mashine yenyewe; ile ya kukanyaga kwa miguu ni msaidizi tu. Alikaa siku tatu bila kushika mkasi. Siku ya nne alitangaza sheria.

"Baba watoto, nguo zangu haziingie tena mu gari yako. Nitapatia mutu wa pikipiki."

"Na vumbi?"

"Vumbi tunafua. Kidole nani atakishona?"

Kosa lilikuwa langu. Mlango ule hushikiliwa juu na fimbo mbili za chuma zenye gesi ndani, ambazo mafundi wa kwetu huziita vere. Zikichoka hazikuambii waziwazi. Mchana wa jua kali gesi hupata moto, mlango ukasimama vizuri, nawe ukajisemea kwamba bado zinafaa. Asubuhi ya ubaridi mlango unashuka wote. Haya niliyajua. Nikawa naegemeza kijiti, kama wenye magari wengi hapa Kindu, na siku hiyo kijiti kiliteleza.

Nilizitoa vere zote mbili ili nizipime. Jirani yangu, fundi wa baiskeli, akazikuta juu ya benchi, hatua chache kutoka kibanda chake. Alisukuma moja kwa kiganja, ikaingia bila kubisha.

"Hii njo pompi tu," alisema. "Tutoboe kidogo hapa, tutie valvu ya baiskeli, tujaze upepo. Imeisha."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika miaka ya vita treni iliacha kuja na magari yalikaa juu ya matofali. Chumvi, mawese, mchele, wagonjwa, hata majeneza, vyote vilipita juu ya baiskeli, na baiskeli hizo zilipita mikononi mwake. Mipira ya ndani ilipokwisha alijaza matairi majani makavu, na baiskeli zikatembea. Mtu aliyeyafanya hayo haoni kitu kinachoweza kushinda pampu na kipande cha mpira.

Mimi miaka hiyo nilisukuma mawese kwa baiskeli kutoka Kailo, na nilisoma. Mama mmoja sokoni alifungia karanga katika kurasa za kitabu cha Kifaransa kuhusu magari, akikichana kadiri wateja walivyokuja. Nilimwomba anipe ukurasa wa kwanza. Akaniambia karanga hazina ukurasa wa kwanza. Basi nikajifunza giaboksi kabla ya magurudumu, na breki nilizikosa kabisa, walizila watu wengine. Ukurasa wa vere niliupata. Ulikuwa na mchoro na onyo lililoandikwa kwa herufi nene.

"Usitoboe," nilimwambia jirani, ambaye tayari alikuwa ameshika keekee. "Gesi ya ndani imeshindiliwa kiwandani, ni kali kuliko upepo wa tairi mara nyingi. Hata hizi zilizochoka bado zina mabaki. Ukitoboa, chuma kitaruka."

"Nani alikuambia?"

"Nilisoma."

"Wapi? Mu karanga?"

Watu waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakacheka.

"Ndiyo, mu karanga. Kitatoka kama risasi."

Hapo akaweka keekee chini. Watu wa umri wetu hapa neno hilo hawalichukui kama mfano.

Nikaandika vipimo: urefu wa vere ikiwa wazi, urefu ikiwa imefungwa, na namba iliyochapwa ubavuni inayoeleza nguvu yake. Mfanyabiashara mmoja akaniagizia vere mpya Lubumbashi, zikaja kwa treni, yaani zilikuja treni ilipotaka. Muda wote huo nguo zilisafiri kwa pikipiki. Gauni moja jeupe la arusi lilifuliwa mara mbili kabla ya kuvaliwa, na mara zote mbili mke wangu alilianika mahali ambapo sikuweza kukosa kuliona.

Zilipofika, jirani alibeba mlango mabegani na mimi nikafunga. Kazi yenyewe ni ndogo. Unainua kibanio cha waya kilicho kichwani mwa vere kwa ncha ya bisibisi, unasukuma kichwa hicho juu ya gololi ya chuma iliyofungwa kwenye gari mpaka kilie, unarudisha kibanio. Sehemu nene inakaa juu na ile nyembamba chini, ili mafuta kidogo yaliyomo yalowanishe mpira wa ndani. Upande mmoja, kisha wa pili.

"Jaribu," nilimwambia.

Jirani alishika mlango kama tulivyozoea sote, kwa mikono miwili na mgongo wote, akausukuma kwa nguvu. Haukuhitaji hata robo yake. Ulipaa, ukamnyanyua hadi kwenye ncha za vidole vya miguu, na kofia yake ikaanguka.

"Eh! Hii iko na shetani!"

Kelele hiyo ndiyo iliyomtoa mke wangu nyumbani, akiwa amekumbatia magauni matatu yaliyofungwa katika shuka. Alisimama hatua mbili nyuma, akautazama mlango uliosimama wenyewe.

"Weka mukono yako pale," akaniambia. "Pale chini, penye ilinigonga."

Nikauweka. Akaanza kupakia, polepole, gauni moja moja, akilainisha kila kunjo. Jirani aliokota kofia, akasimama kungoja kuona kama nitapiga kelele. Mke wangu aliingiza kichwa ndani, kisha mabega, kisha mikono yote miwili mpaka mgongoni mwa kiti, akasukuma gauni la mwisho mahali pake. Akakaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alipotoka, alinyoosha mkono wa kulia, akashika ukingo wa mlango.

"Sasa toa mukono, baba," alisema. "Nifunge."