Orodha ya Saa Nne na Nusu

Hospitalini walimwita Fundi Waya, ingawa ilikuwa imepita miaka tisa tangu avute waya mara ya mwisho. Alianza kazi kwa kutoboa kuta na kupitisha nyaya za simu darini, mwanamke peke yake katika kundi la mafundi, na jina likamganda hata alipopewa chumba chake nyuma ya duka la dawa: seva mbili, meza moja, na kiyoyozi ambacho wauguzi walikionea wivu waziwazi. "Wagonjwa wako hawatapiki wala hawaombi maji," walimtania. Naye aliwajibu kwamba wagonjwa wake wakiugua, hospitali nzima inaugua nao.

Haukuwa utani mtupu. Seva kubwa ndiyo iliyobeba majibu ya vipimo, picha za eksirei na tovuti ya hospitali, ambayo kwa siku za kawaida ilifunguliwa na watu wasiofika mia, wengi wao wakitafuta saa za kliniki ya meno. Diski zake zilikuwa kuukuu. Fundi alikuwa ameomba mpya kwa barua mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa.

Jumanne moja asubuhi, jengo la kiwanda cha nguo liliporomoka. Lilikuwa la ghorofa tano. Mdogo wake alishona kola katika ghorofa ya tatu.

Habari alizipata kwa mama yao, kwa simu, saa mbili na dakika kumi. Mama hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, kiwanda kimeanguka. Mwenzio simu yake haiiti." Fundi akachukua mkoba wake atoke. Mlangoni akakumbana na mganga mkuu wa hospitali, anakuja mbiombio, koti limefungwa kifungo kimoja.

"Usiende popote," mganga mkuu alisema. "Majeruhi wanaletwa kwetu, na ndugu zao watalivunja geti. Nataka majina yawekwe kwenye tovuti, na picha za wasioweza kusema. Karani wa mapokezi ataandika kila robo saa. Wewe hakikisha watu wanaona."

"Daktari, mdogo wangu yumo mle."

Mganga mkuu alifunga kifungo cha pili cha koti. Hakuwa mtu mbaya. "Basi kaa hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Kule kuna vumbi na askari tu. Akiletwa, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua."

Maneno yale yalimwingia. Akauweka mkoba chini.

Saa tatu na nusu ukurasa ulikuwa tayari. Kufika saa nne, mji mzima ulikuwa umeufungua, na walio nchi za mbali pia, kila mtu akibonyeza na kubonyeza tena. Seva ikaanza kuhema. Taa za diski ziliwaka bila kupepesa. Kisha simu ya ndani ikalia. Alikuwa daktari wa upasuaji. "Nina mtu mezani, eksirei yake haifunguki. Mnafanya nini huko?"

Fundi alijua kinachotokea. Kila mtu aliyefungua ukurasa, seva ilikwenda kwenye diski kuchota orodha ileile na picha zilezile, ikampa, kisha ikarudi tena kwenye diski kwa ajili ya mwingine. Ni kama karani anayeulizwa jalada moja na watu elfu, naye kila akiulizwa huinuka kwenda ghalani kulitafuta upya, badala ya kuliacha mezani mkono unapofika. Na kwenye ghala hilohilo ndimo zilimokuwa picha za eksirei.

"Zima tovuti," mganga mkuu alisema kwenye simu.

"Nipe dakika tano, Daktari."

Alimfikiria mama yake amekaa kitandani na simu mkononi, akitazama kioo. Akaketi, akaandika. Seva ilikuwa na nafasi tele kwenye kumbukumbu yake, ile ya kazi ya papo hapo isiyohitaji diski. Akaiagiza ipakie humo faili zote za tovuti, iwahudumie watu kutoka humo, diski waachiwe madaktari. Palipotakiwa muda, yaani faili zikae humo kwa muda gani kabla seva haijarudi kutazama kama zimebadilika, aliandika saa ishirini na nne. Ndivyo alivyozoea miaka yote, kwa nembo ya hospitali na picha za wauguzi wanaotabasamu, vitu ambavyo havibadiliki mwaka hadi mwaka. Vidole viliandika vyenyewe. Ilikuwa saa nne na nusu.

Taa za diski zikatulia. Ukurasa ukawa unafunguka kabla hujainua kidole. Daktari wa upasuaji akapiga kushukuru, na baada yake simu haikunyamaza, kila idara ikiuliza jambo, mpaka Fundi akautoa mkonga wa simu na kuulaza mezani ili apate kusoma.

Majina yalikuwa sabini na mawili. Akayasoma kwa kidole, moja moja. Mdogo wake hakuwamo. Akazitazama picha kumi na tisa, nyuso zilizovimba, zingine zimefungwa bendeji hadi machoni, akitafuta kovu la kidevuni alilolipata mdogo wake walipokuwa watoto. Hakuliona.

"Hayumo, mama," alisema kwenye simu yake ya mkononi. "Jaribu hospitali ya ng'ambo ya mto."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia vizuri."

Saa sita alitoka hadi getini kupata hewa. Mzee mmoja aliyevaa sweta la kijivu akamshika mkono kwa adabu, akamnyooshea simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa ameacha miwani nyumbani. "Mwanangu, nisomee. Mke wangu anafagia pale kiwandani." Akamtajia jina. Fundi akasoma orodha kuanzia juu hadi chini, kisha akasoma tena.

"Hayumo, baba."

"Una hakika?"

"Tovuti hii naisimamia mimi mwenyewe. Angekuwa hapa ningemwona."

Mzee akamshukuru kwa mikono miwili, akaondoka kwenda ng'ambo ya mto.

Saa saba majina yalikuwa sabini na mawili. Saa saba na nusu, sabini na mawili. Fundi aliyasikia magari ya wagonjwa yakiingia na kupiga king'ora, moja nyuma ya jingine, na akajiambia kwamba kumbe sasa yanaleta maiti. Ndivyo alivyoelewa namba ile kutoongezeka. Alikaa mbele ya kioo, mikono katikati ya magoti, akibonyeza, akingoja sekunde, akibonyeza tena. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na hakuwa na wa kumpigia kelele.

Mama alipiga saa nane kasoro. Hakuwa tena hospitali ya ng'ambo. Alikuwa kwenye uwanja walikolaza miili. "Nimefunua ishirini na sita," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hayupo. Wameniambia nikae, wengine wanakuja."

Fundi akabonyeza tena.

Simu ilikuwa bado sikioni mlango ulipofunguliwa. Karani wa mapokezi aliingia, mwanamke mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. "Nisaidie wino wa printa. Nimefika jina la mia na hamsini na nane, mashine inanitapikia karatasi nyeupe."

"Mia na hamsini na nane ya nini?"

"Ya orodha. Si naiweka kila robo saa kama tulivyosema?"

Fundi alimtazama. Akafungua faili yenyewe pale kwenye diski: majina mia na hamsini na nane. Akaitazama simu yake: sabini na mawili. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Karani alikuwa akiandika, diski ikipokea, na seva haikugeuka hata mara moja kutazama, kwa sababu yeye aliiambia isigeuke mpaka kesho. Kwa saa tatu na nusu, mji mzima ulikuwa unasoma orodha ya saa nne na nusu.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Picha akaziacha zilivyo; orodha akaiagiza ishikwe nusu dakika tu. Akakifuta kilichokuwa kimeshikwa. Majina yakamiminika kwenye simu yake, na mstari wa themanini na moja ukawa jina la mdogo wake. Wodi ya upasuaji. Lilikuwa limeandikwa saa tano na dakika tano.

Alikimbia bila kufunga mlango.

Mdogo wake alikuwa macho. Shuka lilikuwa limeinuka upande wa mguu wa kulia, na upande wa kushoto lilikuwa limelala tambarare kuanzia gotini. Muuguzi akamweleza kwa kunong'ona: mguu haukuokoleka, walitafuta ndugu wa kukubali upasuaji, wakapiga simu ya mama, mitandao imejaa, wakapiga chumba cha seva, laini haikupatikana. Mgonjwa mwenyewe akaweka dole gumba kwenye fomu.

"Niliwaambia una chumba hapahapa," mdogo wake alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nyuma ya duka la dawa. Dada, mlikuwa wapi?"

Fundi angeweza kusema mitandao. Kila mtu siku ile alisema mitandao.

"Jina lako lilikuwepo tangu saa tano," alijibu. "Mimi ndiye niliyelifungia lisionekane. Nilikosea. Na simu ya chumbani niliitoa mimi."

Mdogo wake akageukia ukutani.

Fundi akampigia mama: yupo, yu hai, njoo. Hayo tu. Mengine alimwambia ana kwa ana, na mama, ambaye mikono yake bado ilinuka dawa ya uwanjani, alikaa kwenye kiti cha korido akasema, "Nimefunua watoto wa watu ishirini na sita."

Fundi alilitafuta jina la mke wa mzee. Mstari wa tisini na nne, saa tano na nusu. Pembeni karani alikuwa ameandika: amefariki, saa saba na dakika kumi. Akaenda kusimama getini. Mzee alirudi saa kumi, kwa miguu, sweta limejaa vumbi, na Fundi akamweleza yote bila kuzunguka.

"Ulisema ungemwona," mzee alisema.

"Nilisema, baba."

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na muuguzi," Fundi alijibu haraka. Kisha akainamisha kichwa. "Sijui, baba. Nimeuliza. Hakuna anayekumbuka."

Mzee akaketi kwenye ukingo wa barabara. Fundi akaketi pembeni yake, na hakufukuzwa.

Wiki iliyofuata mganga mkuu alitaka kuandika kwenye taarifa "hitilafu ya mtambo". Fundi alikataa, akaandika mwenyewe kwa mkono wake, akatia sahihi. Walimsimamisha miezi miwili, kisha wakamrudisha kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua kazi. Alikuta diski mpya.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Mdogo wake aliongea naye kupitia kwa mama, hata wakiwa meza moja: mwambie anisogezee chumvi, mwambie afunge dirisha. Fundi alisogeza, alifunga. Mwezi wa tano tangu ajali, mama akiwa hayupo, mdogo wake alitaka kupanda ngazi za nyumba kwa magongo, mara ya kwanza bila msaada. Fundi akamfuata nyuma, mikono mbele, tayari kudaka.

"Usinishike," mdogo wake alisema bila kugeuka. Akahema, akapanda ngazi moja. "Pita mbele. Kaa pale juu, nikuone."