Upanga wa Masanja

Siku ile kwenye kibanda cha mhunzi tulikuwa sita. Nilikuwepo mimi, Kabula. Wadogo zangu Minza na Masanja. Kitinda mimba wetu Holo, niliyembeba mgongoni. Baba yetu mdogo, Lubango. Na mhunzi mwenyewe, mzee Nkwabi, ambaye sisi watoto tulimwita guku, yaani babu. Nawataja wote kwa sababu yeye alitaka tutajwe. Mtaelewa.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita nilipita mtaa wa Nyasubi, pale wanapochomelea mageti, fundi mmoja akazamisha chuma chekundu kwenye ndoo ya maji. Harufu ile, kama damu na mvua ya kwanza kwa pamoja, ikanifanya nitafute pa kukaa. Kijana mmoja alikuwa akimwonyesha yule fundi picha kwenye simu: panga za zamani za kwetu, zenye makali pande zote mbili. Alitaka atengenezewe mmoja autundike sebuleni. Tuko wengi tunaozitamani, alisema, ila hatupati wa kuzifua. Fundi akacheka. "Mimi nina springi za lori tu, kaka."

Baba yetu alikuwa na upanga wa namna hiyo. Ulikuwa mwembamba karibu na mpini, ukapanuka kuelekea nchani kama ulimi wa ng'ombe. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, wazee waliuweka mikononi mwa Masanja mbele ya msiba mzima, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee. Alikuwa na miaka sita. Uzito ulimwangusha chini, watu wakacheka huku wanalia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, nimeacha shule darasa la sita. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu, jembe halikupatikana hata kwa kujuana, na letu lilikuwa limelika likawa kama kijiko. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto tisa. Alisema mvua zikipita hatujapanda, atatugawa: Minza kwa shangazi Bukombe, Masanja kwa mjomba Nyarugusu akachekeche mchanga wa dhahabu, mimi na Holo kwake. Mvua ya pili iliponyesha, niliuchomoa upanga kwenye ala, nikawakusanya wadogo zangu, tukaenda kwa guku Nkwabi ili aufue uwe jembe.

Guku aliupokea, akaugeuza huku na huku mpaka Holo akaanza kulia.

"Huu ni mkono wa baba yangu," alisema mwishowe. "Chuma chake kilitoka kwenye mawe ya Geita, hakikutoka kwenye gari."

Nikajua amekataa. Kabla sijasema neno, baba mdogo akaingia akihema. Mtu alikuwa amekwisha kumpelekea habari.

"Kabula! Unauza urithi?"

"Siuzi, baba. Nataka jembe."

"Upanga ni wa mwanamume! Wewe ungeufanyia nini, ungesongea ugali?"

"Huo ugali wenyewe uko wapi?" Minza akauliza. Alikuwa na miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini.

Guku akacheka mpaka akakohoa. "Lubango, keti. Sisi wahunzi hatuvunji upanga wa marehemu mpaka kila aliyepo ataje jina lake mbele ya moto, na mwenye upanga akubali."

Tukataja, mmoja mmoja. Baba mdogo naye, kwa hofu ya moto wa wahunzi, akataja lake na kuongeza la babu yake. Kisha guku akachuchumaa mbele ya Masanja.

"Mzee, upanga ni wako. Dada yako anaukopa. Unamkopesha?"

Masanja akanitazama. "Utaurudisha?"

"Nitaurudisha."

"Haya."

Mivukuto niliivuta mimi. Mikono ilinichoka hadi nikawa siisikii, na kila nilipopumzika guku alisema, "Bado, ng'wanone, mwanangu, bado." Upanga ule ulitoa jembe moja, na kipande kilichobaki akakiunga kwenye lile kuukuu. Hakuchukua malipo. Tulipanda mtama na viazi. Hatukugawanywa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kutaja majina ni mila ya wahunzi. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipomuuliza mtoto wa guku Nkwabi, akashangaa, hakuwahi kuisikia. Mzee aliitunga palepale. Alikuwa anatafuta mashahidi, na aliyemtaka kuliko wote ni baba mdogo, maana aliyetaja jina lake mwenyewe hawezi kesho kusimama barazani aseme msichana kauza urithi. Na ile kazi ya mkono wa baba yake aliivunja kwa nyundo yake mwenyewe. Yeye hakuna aliyemwomba ruhusa.

Nimekwenda kwa wahunzi mara tatu kutafuta wa kuufua mwingine: Ushirombo, Geita, Kahama. Mmoja alinifulia panga la kukatia miwa, akalipaka rangi. Wananiuliza vipimo, nawaonyesha kwa mikono. Waliojua kukitoa chuma kwenye mawe wamekufa, na panga walizoacha, wenye njaa kama sisi tulizigeuza majembe.

Masanja sasa ana mvi na mjukuu. Hajawahi kunidai. Pasaka iliyopita alinikuta uani, nachora ule upanga chini kwa kijiti ili nisiusahau. Alisimama akautazama.

"Hujaweka waya wa shaba kwenye mpini, dada," alisema, akaingia ndani kusalimia watoto.

Nilikuwa nimeusahau kabisa ule waya. Miaka yote nilijifariji kwamba mdogo wangu hadai kwa kuwa alikuwa mdogo mno kukumbuka. Nikauongeza, mizunguko mitano au sita, sijui. Magoti yananiuma siku hizi na safari za kwenda kwa wahunzi zimenishinda. Upanga wake bado sijaurudisha.