Betri za Redio ya Mama Mkwe

Hamtaniamini, najua. Niiteni mwongo mapema tumalizane, halafu mtege masikio.

Mpwa wangu tunamwita Waya, maana tangu utotoni hakuna redio ya jirani iliyolala salama mkononi mwake. Akili hiyo kairithi kwa mjomba wake, msibishe. Siku hizi anatunza maabara ya shule, na jioni anafundisha wasichana kuunda roboti kwenye stoo ya nyuma. Roboti yao ni boksi la viatu lenye mota mbili, magurudumu mawili, na kifuniko cha chupa kinachoteleza mbele.

Sasa mwalimu mkuu akaitamani ile stoo.

"Ijumaa nakuja kuiona," alimwambia Waya. "Ikitembea kutoka ukuta hadi ukuta, stoo ni yenu. Ikikwama, naweka madawati mabovu."

Waya aliitikia, roho juu. Bila stoo, wale wasichana wangefundishiwa wapi?

Mazoezi yalimaliza betri. Ijumaa asubuhi akamwomba mama mkwe wake, anayeuza kalamu langoni pa shule, amtafutie nne mpya. Mama akaleta nne, Waya akazipachika bila kuangalia, mwalimu mkuu akaingia.

Roboti ikaanza kama bwana harusi. Hatua chache tu, ikayumba, taa yake ikazimika, ikawaka, ikazimika tena.

"Imesinzia?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kuna waya mmoja umelegea tu, mwalimu," alisema mpwa wangu, jasho linamchuruzika. Akakaza kila waya. Wapi! Ndipo akachukua mita, akapima betri moja moja huku mota zikizunguka. Tatu zilisimama imara. Ya nne ikaporomoka kama mlevi aliyenyimwa ukuta. Akaigeuza, ilikuwa na kutu kwenye kitako.

Akakimbia langoni. "Mama, hii umeitoa wapi?"

"Dukani zilibaki tatu, mwanangu. Hiyo ya nne ni kuukuu, nikaianika juani kwanza. Mbona kwenye redio yangu zinafufuka?"

"Zinafufuka kidogo, mama. Redio haili sana. Mota zikianza kuvuta, hii inalala, na wenzake watatu wanabaki kuiburura."

Redio ya mama mkwe ilikuwa inanguruma pembeni, kipindi cha salamu kinaanza. Kila Ijumaa dada yake aliyeolewa mbali humtumia salamu hapo, na yule mama huacha hata wateja wasimame. Akaitazama redio, akamtazama mkwe wake. Akaigeuza, akafungua mgongo wake.

"Chukua zote. Hizi nimezinunua siku moja, hazijuani ukubwa wala udogo."

"Mama, salamu zako!"

"Dada yangu ananipenda hata nisiposikia. Nenda, unachelewa!"

Basi roboti ikapewa betri nne za rika moja, na mara hii haikusinzia. Ikatambaa sakafuni polepole, wasichana wameshikana mikono hawapumui, hadi boksi likagonga ukuta wa pili. Mwalimu mkuu akacheka mwenyewe, akatoa ufunguo mfukoni.

Waya hakungoja kupongezwa. Alizichomoa betri zikiwa bado na joto, akazirudisha langoni mbio, akazipachika kwenye redio kwa mkono wake. Kipindi kilikuwa ukingoni. Sijui kama salamu zilikuwa zimepita, yule mama aliuliza jambo moja tu, "Imefika?" Waya akaitikia kwa kichwa, akamkumbatia pale pale katikati ya kalamu.

"Ahsante, mama. Umetupa chumba."

"Haya, niachie shingo yangu, wateja wanaona."

Mpaka leo hapiti langoni bila kumshukuru, na mimi namshukuru pia, maana sifa za mpwa ni sifa za mjomba. Lakini ile roboti, ndugu zangu! Ilipogusa ukuta ikajigeuza, ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi zote, ikaenda langoni kwa yule mama ikapiga goti, ikam—

"Mjomba! Ngazi zipi?" Waya akadakia kutoka mlangoni. "Ile hata kizingiti haivu—"